Simu barabarani: tusisingizie kadari

Kila ajali ikitokea hapa visiwani, tunaambizana kuwa ni kadari ya Mola. Ni kweli, lakini kadari haimwondolei mtu dhima. Mtume (S.A.W.) alimtaka mwenye ngamia amfunge kwanza, ndipo atawakali.

Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, walitoa matokeo ya kuwapima madereva 40 kwenye mtambo unaoigiza barabara. Waliokuwa wakizungumza na simu walichelewa kukanyaga breki, na waliotumia vifaa vya masikioni hawakuwa na nafuu kuliko walioishika mkononi. Jicho lipo njiani, akili iko kwingine.

Na sheria yetu haimwachi hata asiyekusudia. Anayeua kwa makosa ana diya, isipokuwa wafiwa wasamehe, na ana kafara. Asiyepata mtumwa wa kumwacha huru hufunga miezi miwili mfululizo (Annisaa: 92).

Basi tuanzie majumbani. Tukimpigia mume au kijana wetu wa bodaboda, tuulize kwanza: "Unaendesha?" Akijibu ndiyo, tukate. Mazungumzo yatangoja, mtoto anayevuka barabara kwenda chuoni hana roho ya pili.

Wallahu aalam.