Shule zilipofungwa, bahari ya Msimbati haikufungwa

MACHI 17, 2020, siku moja baada ya kutangazwa kwa mgonjwa wa kwanza wa virusi vya corona nchini, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kufungwa kwa shule zote, kuanzia za awali hadi kidato cha sita, kwa siku 30. Kesho yake vyuo vikuu navyo vilifungwa.

Siku hizo 30 ziliongezwa. Wanafunzi wa kidato cha sita na wa vyuo walirejea Juni mosi, huku wa madarasa mengine wakisubiri hadi Juni 29 mwaka huo.

Katika kipindi hicho, Kenya iliweka amri ya kutotoka nje usiku, nazo Rwanda na Uganda zikawataka wananchi wabaki majumbani. Tanzania haikufuata njia hiyo. Masoko, nyumba za ibada na shughuli za uzalishaji viliendelea. Kwa maneno mengine, kijana wa Kitanzania hakufungiwa ndani ya nyumba, bali alifungiwa nje ya darasa.

Tofauti hiyo si ndogo, na Msimbati, kijiji cha pwani mkoani Mtwara, kinaionyesha vizuri. Kijiji hicho kimo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Gesi asilia iligunduliwa katika ghuba hiyo mwaka 1982, na tangu mwaka 2015 husafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam kuzalisha umeme.

Umeme huo ndio uliowawezesha vijana wengi wa jijini kufuatilia masomo yaliyorushwa kwa televisheni. Lakini katika kaya isiyo na televisheni, simu ya kisasa wala fedha ya kifurushi, mwanafunzi alibaki na daftari lake la zamani, ingawa anatoka ilikoanzia gesi yenyewe.

Mchukulie kijana wa kidato cha sita, mwenye umri wa miaka 19, aliyerejea pwani kama hiyo kutoka shule ya bweni. Umri wake haumruhusu kukaa bure. Kusi inapoanza kuvuma, anapaswa kujua siku ya kwenda baharini na siku ya kubaki nchi kavu kushona nyavu. Maji ya bamvua yanapokupwa, miamba hutoa pweza kwa anayejua kuwatafuta. Mei na Juni, mikorosho hudai palizi na salfa.

Hakuna kengele inayompangia siku. Huipanga mwenyewe, hushika fedha yake ya kwanza, hulipa deni la dukani, na wazee huanza kumuuliza rai. Huko ni kukua, na hakuna mtihani unaokupima.

Hata hivyo, ukuaji huo ulikuwa na gharama zake. Mtihani wa taifa wa kidato cha sita ulianza Juni 29, wiki nne tu baada ya wanafunzi hao kurejea. Aliyesoma kwa wiki 11 na aliyevua kwa wiki 11 walipewa karatasi moja.

Kwa msichana, gharama ilikuwa kubwa zaidi. Kukua kwake mara nyingi kulimaanisha kuchota maji, kupika na kulea wadogo zake. Aliyepata ujauzito wakati huo alifungiwa mlango mara mbili, kwa kuwa mwaka 2020 mwanafunzi mjamzito hakuruhusiwa kurejea katika shule ya kawaida ya serikali hata baada ya kujifungua. Zuio hilo liliondolewa Novemba 2021, kwa tangazo la aliyekuwa Waziri wa Elimu, Profesa Joyce Ndalichako.

Ni kweli kwamba Tanzania iliwahi kufungua shule kuliko baadhi ya majirani. Uganda ilifungua zake zote kikamilifu Januari 2022. Lakini ufupi wa muda hauondoi hoja. Shule zilifungwa kwa tangazo la siku moja, bila maandalizi ya kumfikishia kitabu mwanafunzi asiye na umeme. Dharura nyingine ikija, kitabu kinapaswa kutangulia kufuli.

Aidha, taifa lina utaratibu, kupitia VETA, wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Utaratibu huo ukifika hadi mwaloni na mashambani, kijana aliyejifunza kazi baada ya shule kufungwa, na pengine hakurudi tena, hatahesabiwa kuwa aliyeshindwa.

Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mwaka 2020 ulimwengu uliwafunza vijana wa pwani bila kuwatoza ada. Walilipa kwa nafasi zao darasani, na si wote waliozipata tena.