Vigae vya Kale na Kilio cha Mvunaji



Katika jumuiya zetu ndogondogo, kutoka Ipinda hadi Matema, kutoka Ngonga hadi Itungi, swali hili huulizwa mara kwa mara: je, wataalamu wanaochimba katika nchi za Biblia wamethibitisha kwamba Maandiko ni kweli? Wako wanaotutangazia kwamba safina ya Nuhu imeonekana mlimani, na magurudumu ya magari ya Farao yamekutwa chini ya bahari. Wako na wengine wanaodai kwamba uchimbaji umekwisha kuibomoa imani. Sisi twaona kwamba pande zote mbili zimepitwa na jambo lililo kubwa zaidi. Akiolojia, yaani elimu ya kuchunguza mabaki ya watu wa kale yaliyofukiwa ardhini, inatufaa hasa kwa sababu inatuonyesha jinsi watu wa Biblia walivyolima, walivyokula, walivyotozwa na walivyodhulumiwa. Inatusikilizisha kilio kilekile walichokisikia manabii.

Chombo kikuu cha elimu hii si dhahabu. Ni kigae cha chungu. Wenyeji wa mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa hatuhitaji maelezo mengi juu ya jambo hili. Akina mama wa Kikisi wa Ikombe, chini ya Milima ya Livingstone, hufinyanga vyungu vinavyovushwa kwa mitumbwi hadi soko la Matema, na kutoka hapo husafiri mpaka Tukuyu na Mbeya. Aliyezoea vyungu hivyo hutambua cha Ikombe kwa kukitazama tu. Chungu huvunjika, lakini kigae hakiozi. Nacho huhifadhi namna ya mkono uliokifinyanga na mapambo ya wakati wake. Mwaka 1890 Mwingereza Flinders Petrie, alipochimba kilima cha Tell el-Hesi kusini mwa Palestina, alionyesha kwamba vigae vya kila tabaka la udongo vina sura yao, na kwa sura hiyo tabaka laweza kujulikana ni la wakati gani. Tangu hapo, vigae vimekuwa kama kalenda ya nchi ile.

Kalenda hiyo haisemi sikuzote tunalotaka kusikia. Huko Yeriko, kuta zilizodhaniwa katika miaka ya 1930 kuwa ndizo zilizoanguka siku za Yoshua, zilichunguzwa upya na Bibi Kathleen Kenyon kati ya mwaka 1952 na 1958, naye akaonyesha kwamba zilikuwa za kale zaidi kwa karibu miaka elfu moja. Je, tuogope? La hasha. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Ufunuo wa Kimungu ya mwaka 1965, ulifundisha kwamba anayefasiri Maandiko hana budi kuzingatia namna watu wa nyakati zile walivyofikiri, walivyosema na walivyosimulia. Imani yetu haisimami juu ya ukuta wa Yeriko. Na asiyeogopa ukweli ndiye awezaye kunufaika nao. Tutazame basi mambo matatu yaliyotoka ardhini, yote matatu yakihusu haki.

La kwanza ni nyumba za Tirza, mji uliokuwa makao ya wafalme wa Israeli kabla ya Samaria. Padre Roland de Vaux, Mdominiko wa Shule ya Biblia ya Yerusalemu, alichimba mahali paitwapo Tell el-Far'ah tangu mwaka 1946 hadi 1960, na kupatambua kuwa ndipo Tirza. Alieleza kwamba nyumba za karne ya 10 kabla ya Kristo zililingana kwa ukubwa na mpango, kila jamaa ikiishi kama jirani yake. Katika tabaka la karne ya 8 aliona mambo yamegeuka: nyumba kubwa zilizojengwa vizuri zilikuwa upande mmoja, na vijumba vya maskini vimesongamana upande mwingine. Karne hiyo ya 8 ndiyo aliyosimama nabii Amosi kukemea. Maneno yake makali hayakutokana na chuki ya mtu wa shamba aliyewaonea wivu watu wa mjini. Udongo wenyewe unamshuhudia.

La pili ni pembe za Samaria. Katika sura ya 3 na ya 6 Amosi analaani nyumba za pembe na vitanda vya pembe. Zamani msomaji aliweza kudhani kwamba nabii anapamba lugha tu. Lakini katika miaka ya 1930 wachimbaji waliokota huko Samaria mamia ya vipande vya pembe za ndovu vilivyochongwa kwa ustadi, vilivyokuwa mapambo ya samani. Na kabla ya hapo, mwaka 1910, vilikuwa vimepatikana vigae vilivyoandikwa kwa wino, orodha za divai na mafuta yaliyotolewa katika mashamba ya vijijini na kupelekwa mji mkuu. Mkono mmoja ulikamua zeituni, mwingine ukajipaka mafuta.

Hatusemi kwamba pembe zile zilitoka kwetu. Twasema kwamba mwambao wetu unajua gharama ya pembe. Mwaka 1887 watu wa Mlozi, mfanyabiashara wa pembe na watumwa aliyejenga boma karibu na Karonga, waliwashambulia Wangonde, ndugu za Wanyakyusa kwa lugha na kwa desturi. Nguvu zake hazikuvunjwa hadi mwaka 1895. Wazee waliosimuliwa habari hizo wanajua kwamba nyuma ya pembe iliyong'arishwa yupo mtu aliyeibeba begani. Kwa hiyo tunapomsoma Amosi hapa Kyela, hatumsomi kama wageni.

La tatu ndilo linalotugusa kuliko yote. Mwaka 1960, katika ngome ndogo ya pwani ya Mediteranea iitwayo Mezad Hashavyahu, vilipatikana vigae vyenye maandishi ya Kiebrania ya mwisho wa karne ya 7 kabla ya Kristo, zama za mfalme Yosia. Ni barua ya malalamiko kwa mkuu wa mahali. Mvunaji mmoja anaeleza kwamba alivuna, akatimiza kipimo chake na kuweka nafaka ghalani. Hata hivyo Hoshayahu mwana wa Shobai akaja akamnyang'anya vazi lake. Anasema kwamba wenzake waliovuna pamoja naye katika jua kali watamshuhudia kuwa hana hatia. Anaomba arudishiwe vazi.

Kitabu cha Kutoka, sura ya 22, kinaamuru kwamba vazi la maskini lililowekwa rehani lirudishwe kabla ya jua kutua, kwa maana ndilo la kujifunika usiku. Amosi naye, katika sura ya 2, anawashutumu wanaolala juu ya nguo za rehani kando ya madhabahu. Kumbe sheria ile haikuwa maneno ya hekalu tu. Alikuwako mtu halisi aliyeihitaji. Jina la aliyemnyang'anya limeandikwa katika barua. Jina la mvunaji halimo. Jibu la mkuu nalo halikusalia.

Ndugu, wavunaji wa namna hiyo tunao. Yuko mkulima wa kakao aliyelazimika kuuza mazao yakiwa bado mtini, kwa bei ya mwenye fedha, kwa sababu mtoto aliugua au ada ya shule ilidaiwa. Siku ya mnada wa chama cha msingi hana cha kupeleka mizanini. Yuko kibarua wa mpunga aliyemaliza ngwe yake akaambiwa arudi kesho, na kesho nyingine. Yuko mjane ambaye shamba lake limeuzwa pasipo kuulizwa. Wengine wao husali kiti kimoja na wale wanaowadai. Hapo ndipo mahali petu pa kuchimba.

Kuna watakaotuambia kwamba Kanisa lishughulike na roho, na bei ya kakao liwaachie wenye biashara. Twajibu kwamba Mungu wa Biblia alijishughulisha na vazi moja la mtu mmoja. Na barua ya mvunaji inatufundisha mambo mawili ya kutenda. Kwanza, malalamiko yake yaliandikwa. Maneno yaliyosemwa njiani hupeperuka, lakini yaliyoandikwa yamedumu miaka zaidi ya 2,600. Yafaa kila kigango kiwe na daftari la haki, litakaloandikwa kwa uaminifu mapatano ya kazi, mkopo na shamba, pamoja na madai ya asiyejua kuandika. Pili, mvunaji alikuwa na wenzake waliokuwa tayari kusimama naye. Jumuiya inayosali pamoja jioni na kumwacha mmoja wao aende peke yake asubuhi mbele ya mkuu, haijafikia bado uaminifu wa wavunaji wale.

Wafinyanzi wa Ikombe wataendelea kufinyanga, na vyungu vitaendelea kuvunjika. Ipo siku watu watachimba katika ardhi hii ya Kyela na kusoma, kwa nyumba zetu na vyombo vyetu, kama tuliishi kama majirani wa Tirza ya kwanza au ya pili. Hatuwezi kuwaandikia jibu kwa kalamu. Tunaliandika sasa, kwa ujira tunaoulipa na kwa rehani tunayoirudisha kabla ya jua kutua.