Kilomita Ziandikwe: Wito kwa Wauzaji na Wanunuzi wa Magari Kasingirima

Ndugu zangu wa Kasingirima na Ujiji yote, gari likiingizwa sokoni swali linalotangulia ni lile lile: limetembea kilomita ngapi? Huulizwa kabla ya bei, kabla boneti halijafunguliwa. Muuzaji anawasha swichi, dashibodi inawaka, namba inasomeka, na kwa kuiamini namba hiyo mtu anatoa akiba aliyoikusanya kwa dagaa, kwa mawese, kwa mshahara wa ualimu au kwa mkopo wa kikoba. Naandika kuwaomba tuilinde namba hiyo. Kwingine watafanya watakavyo, lakini kwetu isichezewe.

Kwamba huchezewa, hakuna fundi wala dalali asiyejua. Magari ya zamani yalikuwa na kebo inayotoka kwenye giaboksi na kuzungusha vigurudumu vyenye tarakimu. Aliyetaka kudanganya alifungua spidi mita akavirudisha kwa mkono, na mara nyingi tarakimu zilibaki zimepinda, haziko kwenye mstari mmoja. Siku hizi namba inahifadhiwa kwenye chipu ndani ya dashibodi. Mwenye kompyuta na programu yake anaibadilisha kwa muda mfupi, na kwa macho huoni chochote. Gari lenye kilomita 210,000 linashushwa hadi 84,000. Injini ni ile ile, giaboksi ni ile ile, na uchovu wake uko pale pale.

Hapo ndipo penye hatari, na naomba tupatazame kwa karibu. Chukua Hiace ya dizeli yenye injini ya 3L au 5L, zile zilizobeba abiria na mizigo nchi nzima. Injini hiyo ina mkanda wa taimingi, na Toyota wameweka kwenye dashibodi taa iliyoandikwa T-BELT, ya kumkumbusha dereva kubadilisha mkanda kila kilomita 100,000. Mwenye gari la kilomita 210,000 aliyebadilisha mkanda mara moja tu tayari amepitiliza kilomita 10,000. Sasa gari limeshushwa hadi 84,000, likauzwa. Mmiliki mpya anahesabu vizuri kabisa, kwa uaminifu kabisa, kwamba bado ana kilomita 16,000 mbele yake. Mkanda unakatika njia ya Manyovu, kwenye kilima, gari limejaa. Pistoni zinagonga valvu, injini inakufa papo hapo, usukani na breki vinakuwa vizito mikononi mwa dereva. Aliyechukua faida yuko nyumbani. Walio ndani ya gari ni mama wa sokoni, mwanafunzi, pengine mama mjamzito anayekimbizwa hospitali ya Maweni.

Ndiyo maana sikubali kauli kwamba hili ni jambo la muuzaji na mnunuzi tu. Gari ni chombo cha watu wengi. Oili ya injini, oili ya giaboksi, mkanda, bushi na shokapu zote hubadilishwa kwa kufuata kilomita. Ukiiharibu namba umemharibia fundi wa kesho kipimo chake, na umemweka hatarini abiria ambaye hakuwepo mlipokuwa mkipatana bei.

Tuzisikilize na sababu zinazotolewa, maana wanaozitoa ni jirani zetu. Wa kwanza husema gari lilishushwa huko huko lilikotoka, yeye hakuligusa. Inawezekana kabisa. Lakini ukijua na ukanyamaza, uongo wa mwenzako umeshakuwa wako. Wa pili ni fundi umeme anayesema yeye ni kibarua tu, ameletewa kazi akaifanya. Ndugu fundi, wewe ndiye pekee mwenye uwezo wa kukataa kabla madhara hayajaanza. Ujuzi wa kufungua dashibodi na kusoma chipu ni wa kuheshimiwa, unahitajika kila siku kwa kazi halali, na hakuna mtaa utakaokulaza njaa kwa sababu umekataa hiyo moja.

Wa tatu ana hoja nzito zaidi, nami nakiri ina ukweli. Husema: wateja wenyewe ndio wanaotulazimisha, ukiwaonyesha gari la kilomita 190,000 wanaondoka. Kweli, sisi wanunuzi tuna sehemu yetu. Tunamkimbia muuzaji mkweli na kumkimbilia mwenye namba ndogo, halafu tunashangaa namba ndogo zinaongezeka mjini. Toyota ya kilomita 200,000 iliyobadilishwa oili kwa wakati, yenye mmiliki anayekueleza kila kilichofunguliwa, ni gari la kununua. Ya kilomita 90,000 ambayo oili yake imegeuka tope ni mzigo. Nawaomba wanunuzi wa Kasingirima: mtu akikwambia ukweli kuhusu gari lake, usiutumie ukweli huo kumnyonga kwa bei. Patana naye, mlipe haki yake, uwaambie wengine kwamba yule ni mkweli.

Tuliosoma madrasa Ujiji tunakijua kisa cha Mtume (S.A.W.) alipopita sokoni, akaingiza mkono kwenye lundo la nafaka na kukuta unyevu chini. Mwenye mali akasema ni mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakuiweka juu ile iliyolowa ili watu waione. Mvua haikuwa dhambi ya yule mfanyabiashara. Alilaumiwa kwa kuifunika. Kilomita nyingi ni kama mvua ile: gari limefanya kazi, limelisha familia, limesomesha watoto. Liweke wazi hivyo hivyo. Jirani zetu Wakristo nao wanafundishwa katika Kitabu cha Mithali kuichukia mizani ya udanganyifu, kwa hiyo kwenye hili hatuna tofauti ya kanisa na msikiti.

Sheria nayo haiko kimya. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 302, inahusu kujipatia mali kwa njia ya udanganyifu, na adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miaka 7. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inampa aliyedanganywa nafasi ya kuubatilisha mkataba. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa. Ugumu uko kwenye ushahidi. Mnunuzi akifika polisi au mahakamani ataulizwa: uliambiwa kilomita ngapi, na imeandikwa wapi? Itazame kadi ya gari. Ina namba ya usajili, namba ya chesisi, namba ya injini, mwaka wa kutengenezwa, rangi na jina la mmiliki. Kilomita hazimo. Kisha tazama mikataba mingi ya mauziano tunayoandikiana: bei ipo, mashahidi wapo, saini zipo, na kilomita hazimo tena. Namba iliyotufanya tutoe pesa ndiyo pekee ambayo hatukuiandika popote.

Wenzetu wengine waliliona pengo hili wakaliziba. Ubelgiji, tangu Desemba 2006, muuzaji hawezi kumuuzia mtu binafsi gari lililotumika bila cheti kiitwacho Car-Pass. Kila gereji, kila duka la matairi na kila kituo cha ukaguzi kinapeleka usomaji wa kilomita kwenye kumbukumbu moja, na cheti kinaonyesha zilivyopanda mwaka hadi mwaka. Ujerumani ilifanya kuchezea kilomita kuwa kosa la jinai mwaka 2005. Marekani ilianza mapema zaidi, mwaka 1972, na bado mamlaka yao ya usalama barabarani, NHTSA, inakadiria kwamba magari zaidi ya 450,000 huuzwa kila mwaka yakiwa na kilomita za uongo. Nalitaja hilo ili mtu asidhani ni ugonjwa wa masikini au wa Waafrika. Kishawishi kiko kila palipo na gari la mkononi.

Kuna jambo moja la Wamarekani hao ambalo fundi wa Ujiji anaweza kulianza kesho bila kusubiri bunge. Dashibodi huharibika kweli, na wakati mwingine hapana budi kufunga nyingine. Hilo ni halali. Sheria yao inasema spidi mita iliyofungwa isipoweza kuonyesha kilomita za kweli, irudishwe sifuri, na kwenye fremu ya mlango wa kushoto, ambao kwao ndio wa dereva, ibandikwe karatasi yenye usomaji wa kabla ya matengenezo na tarehe. Karatasi, kalamu na gundi, basi. Fundi akifanya hivyo amejilinda yeye mwenyewe, amemlinda mteja wake, na amemlinda atakayenunua baadaye.

Wajapani nao hubandika, na hapa mnunuzi anaweza kujisaidia. Fungua mlango wa dereva, tazama ukingoni, kisha tazama chini ya boneti. Mara nyingi utakuta stika ndogo yenye maandishi ya Kijapani na tarakimu: ni kumbukumbu ya kubadilisha oili au mkanda, yenye tarehe na kilomita. Mwaka usikuchanganye. Wao huandika kwa kalenda ya mfalme wao, kwa hiyo 30 ya Heisei, au H30, ni 2018, na R1 ni 2019. Ukikuta stika ya H28, yaani 2016, inasema kilomita 131,000, na dashibodi leo inasoma 76,000, huhitaji mganga. Magari ya Japan hupita ukaguzi wa lazima, la binafsi likiwa jipya baada ya miaka 3, kisha kila miaka 2, na kilomita huandikwa kwenye hati. Kwa hiyo wewe unayeagiza gari mwenyewe, usiwaachie mawakala wa bandarini karatasi zote. Toa kivuli cha hati ya kusafirishia gari nje na cha karatasi ya mnada, uvitunze, na siku ukiuza umkabidhi mnunuzi.

Piga na hesabu ya kawaida. Gari la familia Japan hutembea takriban kilomita 10,000 kwa mwaka, mara nyingi pungufu. Mchomoko, yaani gari dogo la kubeba abiria, unaofanya kilomita 150 kwa siku, kwa siku 300, unamaliza 45,000 kwa mwaka. Tunajua wote kuisoma namba D na namba E kwenye kibao. Itumie herufi hiyo kujua gari limeingia nchini lini, uliza limefanya kazi gani tangu hapo, kisha zidisha. Kanyagio zilizolika hadi chuma, usukani uliong'aa na kiti cha dereva kilichozama haviendani na kilomita 60,000. Na kama ni gari lililotoka Uingereza, angalia kama linasoma maili, maana maili 100,000 ni kilomita zipatazo 161,000.

Bodaboda nazo zisisahaulike. Pikipiki ngapi zinatembea kebo ya spidi mita ikiwa imekatika au imechomolewa? Kijana anayechukua pikipiki kwa mkataba anakabidhiwa chombo ambacho hajui kimechoka kiasi gani, na oili anabadilisha kwa kukisia. Tajiri anayetoa pikipiki kwa mkataba, tafadhali funga kebo kwanza. Ni deni lako kwa kijana huyo.

Ninachoomba hakihitaji bajeti. Kila mwenye gari awe na daftari ndani ya gari, la kawaida la shule, aandike kila servisi: tarehe, kilomita, kilichobadilishwa, jina la gereji. Daftari hilo liuzwe pamoja na gari, kama unavyokabidhiwa ufunguo wa pili. Halafu kwenye kila mkataba wa mauziano iongezwe sentensi moja: "Siku ya mauzo gari linasoma kilomita kadhaa, na muuzaji anathibitisha kuwa ni za kweli," au, kama muuzaji mwenyewe alinunua bila kuwa na uhakika, "muuzaji hana uhakika kuwa ni za kweli." Hiyo ya pili haina aibu. Aliyedanganywa jana asilazimike kudanganya leo ili arudishe pesa yake. Akisema hana uhakika, mnunuzi anapatana naye kwa kuutazama uchakavu wa gari lenyewe, na wote wawili wanalala usingizi.

Ujiji ni mji wa biashara tangu enzi za misafara, kabla reli haijafika Kigoma mwaka 1914. Watu wa ng'ambo ya ziwa na wa bara walikuja hapa kwa sababu waliweza kukopeshana na kuaminiana. Mnunuzi wa dagaa akikuta mchanga kwenye gunia, harudi kwa muuzaji yule, na huko Dar es Salaam analisema jina la Kigoma nzima. Wauzaji wa magari nao wanabeba jina hilo hilo.

Namalizia kwenu, waheshimiwa wenyeviti wa mitaa na mawakili mnaoshuhudia mauziano. Karatasi za wengi hupita mezani kwenu, na muhuri wenu ndio unaozitia nguvu. Kabla hamjaugonga, waulizeni wote wawili mbele ya mashahidi: kilomita ngapi, na nani anazithibitisha? Kama sentensi haimo, warudishieni karatasi waiandike. Anzeni na gari litakaloletwa kwenu wiki hii.