Mashimo meusi mazito kupita kiasi: fizikia mpya au mgongano wa zamani?

Nyota kubwa ikifika mwisho wa maisha yake, inaweza kuacha shimo jeusi. Wataalamu waliamini wanajua uzito ambao shimo hilo haliwezi kuwa nao. Tangu 2019, hesabu hiyo inatikisika.

Tarehe 21 Mei 2019, mitambo ya LIGO huko Marekani na Virgo huko Italia ilinasa mawimbi ya mvutano kutoka mashimo meusi mawili yaliyogongana. Moja lilikuwa na uzito wa jua letu mara 85 hivi, lingine mara 66. Tarehe 23 Novemba 2023, LIGO ilinasa mgongano mkubwa zaidi: mara 100 na mara 140 hivi. Habari hiyo ilitangazwa Julai 2025.

Shida iko wapi? Ndani ya nyota nzito mno, joto linageuza mwanga kuwa chembe za elektroni na pozitroni. Mwanga huo ndio unaosaidia kubeba uzito wa nyota. Ukipungua, nyota inajikunja, oksijeni inawaka ghafla, na nyota yote inapasuka bila kuacha kitu. Kwa hiyo, kati ya mara 60 na 130 hivi za jua, kunapaswa kuwa pengo.

Mwaka 2020, Jeremy Sakstein na wenzake walipendekeza fizikia mpya: chembe nyepesi, ambazo bado hazijagunduliwa, zinaiba nguvu kutoka ndani ya nyota. Heliamu inaisha mapema, oksijeni inakuwa kidogo, mlipuko unakosa kuni. Shimo zito linabaki.

Lakini kuna maelezo mengine yasiyohitaji chembe mpya: mashimo hayo ni watoto wa migongano ya zamani, pale nyota zimesongamana. Yale ya 2023 yalizunguka kwa kasi kubwa sana, jambo linaloipa nguvu hoja hii.

Tukio moja au mawili hayawezi kuamua. Kama chembe mpya zipo, pengo lote linapaswa kuhama, na hilo litaonekana tu kwa kuhesabu mashimo mengi. Lakini mwaka 2025 serikali ya Marekani ilipendekeza kufunga kimoja kati ya vituo viwili vya LIGO. Kituo kimoja kikibaki peke yake, ni vigumu kutofautisha wimbi la kweli na mtikisiko wa karibu. Jibu linategemea bajeti pia, si akili za wataalamu peke yake.