Tembo Hunusa Ghala Lako Kabla Hajaliona



Katika vijiji vya Simiyu vinavyopakana na Pori la Akiba la Maswa na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, katika wilaya za Bariadi, Itilima, Meatu na Busega, mahindi yanapokomaa usingizi huadimika. Tembo huvuka mpaka usiku, na jasho la msimu mzima huliwa kwa saa chache. Baba hukesha shambani na tochi na debe la kupiga. Pengine mtoto wa shule hukesha pamoja naye. Wapo waliopoteza maisha. Basi kabla ya kumwita mnyama huyu mkorofi, tuvitazame viungo alivyopewa na Muumba wake. Kwa viungo hivyo ndivyo anavyoishi, na kwa kuvijua ndivyo tutakavyojilinda.

Mkonga ni pua na mdomo wa juu vilivyoungana. Kwa mkonga tembo huvuta maji, hung'oa mti, na huokota punje moja iliyodondoka. Lakini kazi yake kubwa ni kunusa. Mwaka 2014 watafiti wa Japani walizihesabu jeni za kunusa za tembo wa Afrika, wakakuta zinakaribia 2,000: takriban mara mbili ya zile za mbwa na mara tano ya zetu. Macho yake si makali kiasi hicho, wala hana haja ya kuliona shamba, kwa kuwa upepo humletea habari. Kwake yeye, gunia la mahindi lililo chumbani ni chakula kilichokwisha kutengwa. Ndiyo maana hubomoa hata ukuta wa nyumba iliyolala watu.

Tembo huzungumza pia kwa sauti nzito ambazo sikio la mwanadamu halizipati. Sauti hizo husafiri kilometa kadhaa, hupita hata ardhini, na nyayo zake huhisi mtetemo wake. Kwa hiyo ukimwona mmoja, usidhani yu peke yake. Huenda wenziwe wapo gizani wakiwasiliana naye, nawe husikii lolote.

Hata hivyo, mkonga huohuo ndio penye udhaifu wake. Ndani yake ni laini, na nyuki akiuma humo au kandokando ya macho, tembo huumia sana. Huko Sagalla nchini Kenya, karibu na Hifadhi ya Tsavo, wakulima hutundika mizinga kuzunguka mashamba na kuiunganisha kwa waya. Tembo akiugusa waya, mizinga hutikisika na nyuki hutoka. Naye hurudi alikotoka, na mkulima hupata asali. Tembo na nyuki, kila mmoja ana sura iliyoitwa kwa jina lake katika Qur'an, na hapa mdogo humfukuza mkubwa. Wengine hupaka kwenye kamba na matambara oili iliyochanganywa na pilipili ya kusaga, kwa sababu pua inayonusa mbali huwashwa haraka.

Wazazi wenzangu, tuanzie nyumbani. Nafaka isihifadhiwe katika chumba wanacholala watoto. Tembo akionekana, asikaribiwe hata akidhaniwa hajaona mtu, kwani pua yake imekwisha kumjua. Taarifa itolewe mapema kwa serikali ya kijiji na kwa askari wa wanyamapori; kifuta jasho cha mazao na kifuta machozi cha msiba vyote huanzia kwenye taarifa hiyo.

Zaidi ya yote, mtoto asitumwe kulinda shamba usiku. Anayekuja ana pua, masikio na nyayo zilizoumbwa kwa ajili ya giza. Mtoto ana tochi tu. Mahindi yaliyoliwa hupandwa tena msimu ujao, lakini mtoto aliyekanyagwa harudi.

Wabillahi tawfiq.