AJALI IMEANDIKWA, NA DAWA NAYO IMEANDIKWA



Ndugu zangu katika imani, kuna ujumbe unazunguka kwenye magrupu yetu hapa Sumbawanga. Umenifikia mara nne, na mara ya mwisho umeletwa na mtu anayeswali safu ya kwanza nyuma yangu. Unasema: Wamarekani wanatumia pesa nyingi kwenye matibabu kuliko taifa lolote kubwa duniani, na bado wanakufa mapema kuliko Wajapani. Halafu mwandishi anahitimisha: mmeona? Pesa haiongezi umri, umri ni wa Allah, basi tusisumbuane na bima wala michango ya zahanati.

Nusu ya kwanza ni kweli. Nusu ya pili ni uongo uliovishwa kanzu.

Tuanze na kweli yake. Marekani hutumia zaidi ya dola 12,000 kwa kila mtu kwa mwaka. Mwaka 2021 wastani wa umri wa kuishi kule ulishuka hadi miaka 76 na kidogo. Japani wanatumia chini ya nusu ya fedha hizo na wanafika miaka 84. Costa Rica, nchi ndogo, dola kama 1,000 tu kwa mtu, wanakaribia 80. Sawa.

Sasa muulize aliyekutumia: na sisi Watanzania je? Sisi ni dola 40 hivi kwa mtu kwa mwaka, na wastani wetu ni miaka 66 au 67. Kwa nini ujumbe haukututaja? Kwa sababu ukitutaja, hoja yake inakufa hapo hapo. Mwenye njaa ukimwongezea sahani ya ugali anasimama. Aliyeshiba ukimwongezea sahani ya tano anaumwa tumbo. Huwezi kuchukua habari za aliyeshiba ukamhukumu nazo mwenye njaa, kisha useme ni tawakkul!

Na pesa ya Wamarekani inapotelea wapi? Dawa ile ile wanauziwa ghali kuliko jirani zao wa Kanada. Mamilioni hawana bima. Vijana wanauawa kwa bunduki, na mwaka 2021 peke yake zaidi ya watu 100,000 walikufa kwa kuzidisha dawa za kulevya. Daktari mzuri kiasi gani atamrudisha kijana aliyekwisha kuzikwa?

Jambo jingine linalowapotosha watu ni hilo neno wastani. Ukisikia miaka 66 usidhani watu wanafika 66 kisha wanakwisha. Wazee wa Ufipa wa miaka 80 mnao majumbani, wanapanda vilima wakati ninyi mnahema. Chukua watu 10. Wawili wafe wakiwa na mwaka mmoja, wanane waishi mpaka 75. Jumlisha ugawe: unapata miaka 60. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekufa na miaka 60. Wale watoto wawili ndio walioishusha hesabu yote. Mimi sihitaji kitabu cha takwimu kulijua hilo. Mimi ndiye ninayeswalisha majeneza, na najua ni mara ngapi nimeshuka kaburini nikapokea maiti kwa mikono miwili bila kusaidiwa na mtu, kwa sababu haikuwa na uzito.

Na hapa ndipo aibu yetu ilipo, watu wa Rukwa. Utafiti wa Demografia na Afya wa 2022 ulikuta karibu nusu ya watoto wa mkoa wetu walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Nusu! Wastani wa taifa ni asilimia 30. Na sisi ndio ghala la nchi. Malori ya mahindi yanashuka kutoka Laela na Matai na Namanyere kila msimu, Hifadhi ya Chakula inanunua kwetu, tunalisha mikoa mingine. Wangekuwa watu wa jangwani tungesema ukame. Sisi tuna mahindi, maharage, ulezi, samaki wa Ziwa Rukwa, dagaa wa Kirando. Yanakwenda wapi? Baba anauza maharage yote gunia kwa gunia, anauza mpaka mayai, mtoto anabaki na uji mweupe asubuhi na ugali na mboga ya majani jioni. Mama anarudi shambani mtoto akiwa na wiki chache mgongoni. Allah katika Suratul Baqara amezungumzia kunyonyesha miaka miwili kamili, na palepale akamwekea baba jukumu la chakula na mavazi ya huyo mama. Tunaisoma aya vizuri kwa tajwidi, lakini mwanamke analima mpaka jua linazama kwa kikombe cha togwa.

Mtoto aliyedumaa si mfupi tu. Anaugua haraka, darasani anachelewa, na hakuna mashine ya hospitali yoyote itakayomrudishia ile miaka miwili ya mwanzo. Chakula hicho, choo, na maji safi ni afya kabla ya hospitali. Ndugu zetu wa Bonde la Ziwa Rukwa wanajua kipindupindu kinavyorudi pasipo na vyoo.

Tuje kwenye ajali. Ni kweli, ajali ikifika haisogei saa mbele wala nyuma, na anayelikanusha hilo imani yake ina kasoro. Lakini Sayyidna Umar (r.a.) alipokuwa njiani kwenda Sham akasikia kuna tauni, akageuza msafara. Abu Ubayda akamuuliza kama anakimbia qadar ya Allah. Umar akajibu kwamba wanaikimbia qadar ya Allah kwenda kwenye qadar ya Allah. Je, wewe na simu yako una imani kuliko Umar?

Vifo vya mama wajawazito nchini mwetu vilikuwa 556 katika kila vizazi hai 100,000 kwa utafiti wa 2015/16. Ule wa 2022 ulikuta 104. Je, Allah alibadilisha ajali? Hasha. Aliwaandikia uhai kupitia sababu zake: mkunga, damu, gari la wagonjwa, chumba cha upasuaji karibu. Vitu hivyo vyote vinanunuliwa kwa fedha.

Wapo watakaosema bima ni haramu. Hoja hiyo naiheshimu, si ya mzaha. Baraza la Fiqhi la nchi za Kiislamu lilikaa Jeddah mwaka 1985 likaharamisha bima ya kibiashara, na kikao hicho hicho kikaruhusu ile ya kuchangiana na kusaidiana. Mtume wetu (s.a.w.) aliwasifu Ash'ariyyina kwamba chakula kikipungua hukusanya walichonacho katika nguo moja wakagawana sawa, akasema wao ni wake naye ni wao. Mfuko wa CHF ulioboreshwa ulikuja na kiwango cha shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka. Gawa mwenyewe: 5,000 kwa mtu. Watu wakaikataa, kisha mtu huyo huyo anapeleka mbuzi na kuku weusi kwa mganga. Mji wetu wenyewe unaitwa tupa uchawi, na bado tunauokota!

Mwaka jana tulimzika mama mmoja, jirani yangu. Mumewe alihangaika siku mbili kutafuta nauli na pesa ya vipimo, na hakuna aliyefungua mfuko, nami nikiwemo, sikujua mpaka ilipochelewa. Alipokufa, msibani tulichanga ndani ya saa moja pesa ambayo ingemtosha na kubaki. Sanda, wali, ng'ombe. Nilisimama nikaomba dua nikiona haya.

Na serikali nayo isijifiche nyuma ya maneno yangu. Mwaka 2001 viongozi wa Afrika waliahidi Abuja kuipa afya asilimia 15 ya bajeti. Nchi chache mno zimetimiza, na yetu si miongoni mwao. Bunge limepitisha sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023; sheria peke yake haimezwi kwa maji. Mtu anafika na kadi anaambiwa dawa hakuna, kanunue duka lile pale. Malalamiko hayo ni ya haki. Lakini yapelekeni kwenye mkutano wa kijiji na kwenye kamati ya zahanati, mdai kuonyeshwa dawa zilizopokelewa. Kuyafanya sababu ya kukaa nyumbani na mtoto anayechemka homa si haki.

Jumamosi baada ya Alasiri tutakaa msikitini na daftari. Tutaandika kaya zisizo na bima, wajane kwanza, kisha tuone mfuko wetu unaweza kuzilipia ngapi. Mwenye gunia moja la maharage asiliuze lote, alete debe. Na yule aliyenitumia ule ujumbe, nitamtafuta safu ya kwanza, yeye ndiye atashika kalamu.

Wabillahi tawfiq.