MALI YA SERKALI, JASHO LA KONTRAKTA

Ndugu wafanya kazi,

Katika mkutano wa tawi wa mwezi uliopita, ndugu mmoja alisimama akasema: "Vibarua wa kontrakta si watu wetu. Hawana kadi yetu, hawatoi ada, na wao ndio wanaoharibu bei ya kazi." Wengine walipiga makofi. Sisi wa kamati hatukupiga makofi, lakini hatukumjibu pia, na hilo ni kosa letu. Leo tunamjibu. Jibu letu tunalitoa mbali, huko Neyveli, katika jimbo la Tamil Nadu, India.

Neyveli kuna makaa ya mawe laini, ya rangi ya kahawia, yanayoitwa lignaiti. Karibu nusu ya uzito wake ni maji, kwa hivyo hayafai kusafirishwa mbali; huchomwa papo hapo ili kupata stima. Mwaka 1956 serkali ya India iliunda kampuni yake ya kuyachimba. Mwaka 1962 mtambo wa kwanza wa stima ulianza kuzunguka, uliojengwa kwa msaada wa Urusi ya wakati ule. Watu waliambiwa: hii ni mali ya taifa, hakuna tajiri hapa, tajiri ni ninyi wenyewe.

Maneno hayo, ndugu zetu, sisi pia tunayajua. Tuliambiwa hapa kwetu wakati wa Uhuru.

Wafanya kazi wa Neyveli waliyaamini, na wakayapigania. Mwaka 2006 serkali ilitaka kuuza hisa 10 katika kila 100. Chama tawala cha jimbo kikapinga, wafanya kazi wakapinga, na mpango ukaachwa. Mwaka 2013 serkali ikarudi, ikitaka kuuza hisa 5 katika kila 100. Mwezi wa Julai wafanya kazi waliweka vyombo chini karibu majuma mawili. Mwisho wake, hisa zilizouzwa zilichukuliwa na makampuni ya serkali ya jimbo, si matajiri wa kando. Huo ulikuwa ushindi, na tunawavulia kofia.

Lakini sasa sikilizeni. Wakati mlango wa mbele ulipokuwa ukilindwa, mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Kwa miaka mingi maelfu ya watu wa Neyveli wamefanya kazi chini ya makontrakta. Wanaingia geti lile lile na kushika kazi ile ile, huku wakipokea sehemu ndogo tu ya mshahara wa mwenzao wa kudumu. Wengine ni watoto wa wakulima ambao mashamba yao yalichukuliwa ili mgodi upate nafasi.

Tunauliza: kazi yao ni ya muda gani? Chini ya lignaiti ya Neyveli kuna maji mengi yanayosukuma kutoka chini. Pampu hazina budi kuyavuta usiku na mchana, mwaka hadi mwaka. Zikisimama, mgodi unafurika. Kazi isiyolala hata usiku mmoja inaitwaje kazi ya muda? Kazi ni ya kudumu. Kilichofanywa cha muda ni mtu.

Sheria ya India ya mwaka 1970 iliipa serkali uwezo wa kupiga marufuku kontrakta katika kazi za namna hiyo. Kumbe sheria ilikuwa na tundu. Mwaka 2001 Mahakama ya juu kabisa ya India iliamua kwamba hata kontrakta akipigwa marufuku, kibarua haingii moja kwa moja katika kazi ya kudumu. Basi vibarua wa Neyveli wamegoma mara kwa mara. Waligoma tena mwaka 2023.

Na moto haukuuliza nani ana kadi. Tarehe 7 Mei 2020 boila lililipuka katika kituo cha pili cha stima. Watu watano walikufa kwa majeraha. Hata miezi miwili haikupita. Tarehe 1 Julai boila jingine, katika kituo kile kile, lililipuka. Sita walikufa siku hiyo, na wengine wakafuata hospitalini. Vibarua wa kontrakta walikuwa miongoni mwao. Mahakama ya mambo ya mazingira iliagiza kampuni itoe kwanza rupia milioni 50. Mtu anayeweza kufukuzwa kesho asubuhi hawezi kumwambia nyapara leo jioni, "Bwana, mashine hii ina hatari." Mdomo wake umefungwa na mkataba wake. Na mdomo huo ukifungwa, wa kudumu aliyesimama kando yake hufa naye.

Na ule ushindi wa 2013? Wakati ule serkali ilikuwa na hisa zaidi ya 93 katika kila 100. Leo hazifiki 80. Kampuni inauzwa kipande kwa kipande. Hatusemi mgomo ule ulikuwa bure. Tunasema mali ya umma hailindwi na karatasi za hisa peke yake. Kila kazi anayopewa kontrakta ni kipande cha kampuni kilichokwisha kuuzwa, na hakuna aliyegoma siku kilipouzwa.

Sasa turudi kwetu. Ndugu yetu anasema kibarua anaharibu bei ya kazi. Sivyo. Bei inaharibiwa na yule anayemnunua kibarua kwa bei hiyo. Kibarua hakujipangia mshahara. Wazee wetu wa Mombasa walilijua jambo hili: katika mgomo mkuu wa Januari 1947, vibarua wa bandari na watu wa mshahara wa mwezi waligoma pamoja, na mji ukasimama. Hakuna aliyeuliza huyu ni wa siku au wa mwezi.

Sheria yetu pia inasema. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 37, inasema kibarua akifanya kazi mfululizo kwa siku zisizopungua mwezi mmoja, au akipewa kazi isiyoweza kumalizika kabla ya miezi mitatu, ahesabiwe mtu wa mshahara wa mwezi. Ni wangapi getini kwetu wamepita muda huo? Nani amewahesabu? Tajiri hatawahesabu. Kontrakta atabadilisha jina la kampuni yake na kuanza hesabu upya. Kazi hiyo ni yetu.

Kwa hivyo kamati inaleta mambo matatu mbele ya mkutano ujao. Kwanza, kila mjumbe aandike majina ya vibarua wa idara yake na tarehe waliyoanza kazi. Pili, kitabu cha uanachama kifunguliwe kwao, kwa ada wanayoiweza. Tatu, mapatano yoyote ya mishahara yasitiwe sahihi mpaka yawataje.

Ndugu aliyesema mwezi uliopita tunamkaribisha aje aseme tena. Lakini kabla hajaja, amwangalie mwanawe aliyemaliza shule. Huyo atakapoajiriwa, ataajiriwa na nani: kampuni, au kontrakta?

Ukiona mwenzio ananyolewa, tia maji. Njoni mkutanoni wote.

UMOJA NI NGUVU.

Kamati ya Tawi